Seli za kinga kutibu VVU: maswali mnayoniuliza kila siku kwenye benchi, na majibu yangu

Haya jamani. Mie ni mwelimisha rika hapa Tanga mjini, naishi na VVU tangu 2005, vidonge nameza saa tatu usiku, na kazi yangu ni kukaa na watu kwenye benchi la kliniki wakati wanasubiri kuitwa. Tangu hizi habari za "seli zinazotibu ukimwi" zianze kuzunguka kwenye simu benchi halina amani, kila mtu ana video yake alotumiwa na shemeji yake, na mie nimechoka kurudia maneno yaleyale kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri ndo mana nikaamua kuyaandika. Sio daktari mie. Ila nasoma sana, na nina mtoto wa dada yangu anasomea maabara, nikikwama ananifafanulia, tunabishana, mwisho tunaelewana.

Tuanze na lile moja: dawa ya kuponya imeshapatikana au bado?

Bado. Wapo watu waliopona, kweli kabisa, ila ni wa kuhesabu kwa vidole, na njia waliyopitia sio ya kumtakia mtu (nitaielezea chini). Tiba ya seli kwa ajili ya VVU hakuna hospitali yoyote duniani iliyoruhusiwa kuitoa kama dawa ya kawaida, yote iko kwenye majaribio. Akija mtu kukuuzia, jua hapo hakuna tiba, kuna biashara.

Hizo seli za kinga zenyewe ndo nini?

Kwenye damu kuna chembe nyekundu na nyeupe, nyeupe ndo askari. Ndani ya hizo nyeupe kuna kundi linaitwa seli T, nalo lina aina zake. CD4 we ichukulie kama mjumbe wa nyumba kumi, yeye hapigani sana, ila ndo anayepiga kelele kwamba jamani mwizi huyo, na wenzie wakatoka. CD8 ndo mgambo wenyewe, wanaoua seli iliyoingiliwa. Sasa VVU ana akili ya kishetani, hamshambulii mgambo, anaanza na mjumbe. Mjumbe akifa mtaa mzima haujui kama umevamiwa. Ile namba ya CD4 waliyokuwa wanakuandikia kwenye kadi zamani ilikuwa inahesabu wajumbe wamebaki wangapi.

Tiba ya seli maana yake wanachukua hizi seli zako (au za mtu mwingine), wanazitoa nje ya mwili, wanazifundisha au kuzibadilisha kitu, alafu wanakurudishia. Dawa inakuwa ni seli hai, sio kidonge.

Mbona mie nameza dawa mwaka wa kumi huu na bado siponi?

Hili ndo swali lenyewe, ukilielewa hili mengine yote yanakaa sawa, kwahiyo nivumilieni nitaongea sana hapa.

Nyumbani kwa bibi yangu kule Muheza kulikuwa na kitanda cha kamba, kile cha teremka tukaze, na kilikuwa na kunguni wale wenyewe. Unapiga dawa usiku, wanaokatiza juu ya shuka wote wanakufa, unalala wiki nzima raha mustarehe, unasema wameisha. Kumbe wengine wamejibana kwenye matundu ya mbao na kwenye mafundo ya kamba, hawatembei, hawaumi, na dawa haiwafikii. Ukiacha kupiga dawa, baada ya siku kadhaa unaanza kujikuna.

VVU ndo hivohivo. Akishaingia kwenye seli anachomeka vinasaba vyake kwenye vinasaba vya ile seli, anakuwa sehemu ya seli. Seli nyingi kati ya hizo zinafanya kazi ya kuzalisha virusi na vidonge vinawazuia wale wapya wasiingie seli nyingine. Lakini zipo seli zinazolala, hazizalishi chochote, virusi vimo ndani kimyaa. Kinga haizioni coz kwa nje zinafanana na seli nzima. Na vidonge haviziui, vidonge vinamzuia kirusi anayefanya kazi, huyu hafanyi kazi. Ni chache mno, takribani seli moja kati ya CD4 milioni moja zilizopumzika, na zinapungua kwa mwendo wa kobe kiasi kwamba wataalamu walipiga hesabu wakaona mtu atahitaji kumeza dawa zaidi ya miaka 70 ndo ziishe zenyewe. Ndo mana ukiacha vidonge, kwa wengi virusi vinarudi kwenye damu ndani ya wiki mbili hadi nne hivi.

Bibi yetu yeye alikuwa na dawa yake. Jua la saa saba anatoa kitanda uani, kikipata moto kunguni wanatoka kwenye matundu wenyewe, hapo anawamwagia maji yanayochemka. Nilicheka siku niliposoma kwamba kuna watafiti wanafanya jambo hilohilo, wanaziamsha seli zilizolala zijionyeshe alafu kinga izimalize. Mpaka sasa kuziamsha wanaweza kidogo, kuzimaliza ndo bado, na hapo ndo seli za kinga zilizofundishwa zinapoingia, kwamba tupate mwenye birika la maji ya moto.

Hao waliopona sasa walipona vipi?

Wa kwanza anaitwa Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa anaishi Berlin. Alikuwa na VVU na akapata saratani ya damu. Saratani ile tiba yake ilikuwa kupandikizwa uloto, yani ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Daktari wake, Gero Hütter, akawa mjanja, akatafuta mtoaji ambaye seli zake hazina ule mlango VVU anaoutumia kuingilia.

Iko hivi, kirusi akitaka kuingia kwenye seli anahitaji kufungua kufuli mbili. Moja ni CD4 yenyewe, ya pili inaitwa CCR5. Kuna watu wamezaliwa na hitilafu kwenye jeni (kipande cha vinasaba) ya CCR5 kutoka kwa baba na kwa mama, kufuli ya pili kwao haipo kabisa, na wanaishi vizuri tu. Huko Ulaya ya kaskazini ni kama mtu 1 kati ya 100. Huku kwetu Afrika karibu hawapo.

Brown akapandikizwa 2007 na tena 2008 maana saratani ilirudi, vidonge vya VVU akaacha, virusi havikurudi tena mpaka anafariki Septemba 2020, na kilichomuua ni ile saratani. Baada yake akaja Adam Castillejo wa London, akatangazwa 2019. Alafu yule wa Düsseldorf, mwanamke wa New York aliyepandikizwa damu ya kitovu cha mtoto, mzee Paul Edmonds kule California. Wa Geneva ndo aliwachanganya watu, kwa sababu 2018 alipandikizwa uloto wa mtu wa kawaida mwenye kufuli zote mbili na bado virusi havijaonekana. Inavoelekea seli mpya za mtoaji zilizishambulia na kuzimaliza zile za zamani, na virusi mle mle ndani. Yani mgambo wageni walifika mtaani wakafagia nyumba zote.

Si watupandikize sote basi?

Ungewaona hao watu walivopitia usingesema. Kwanza wanauua uloto wako wote kwa dawa kali za saratani, unabaki huna kinga hata ya mafua. Alafu seli za mgeni zinaweza kuugeukia mwili wako wenyewe, ngozi, ini, utumbo. Wapo wanaofariki na sio wachache. Brown mwenyewe ile mara ya pili alikaribia kupooza, akajifunza kutembea upya. Wote hao walifanyiwa kwa sababu saratani ilikuwa inawaua, kupona VVU ilikuwa faida ya pembeni. Mtu mwenye VVU anayemeza dawa vizuri anaishi mpaka anazeeka, sasa umpeleke kwenye kitu kinachoweza kumuua mwezi ujao ili asimeze kidonge kimoja usiku? Daktari mwenye akili hawezi.

Na sio kila aliyepandikizwa alipona. Boston kulikuwa na wanaume wawili, wakaacha dawa 2013, dunia ikashangilia, mmoja virusi vikarudi baada ya wiki 12 mwingine wiki 32. Kule Essen, Ujerumani, mtu alipewa kabisa zile seli zisizo na kufuli ya CCR5, lakini kumbe ndani yake kulikuwa na virusi vinavyojua kutumia mlango mwingine, CXCR4, vikarudi.

(Kwa faida ya wengine: kupandikiza uloto hapa Tanzania kupo, Benjamin Mkapa kule Dodoma wanawafanyia watoto wenye selimundu. Ila ni kwa selimundu, sio kwa VVU, msipande basi kwenda Dodoma mkafike mnarudishwa.)

CAR-T ndo nini? Kila video inaitaja.

Tamka kaa-ti. Hii ndo kubwa kwa sasa. Wanakulaza kwenye kitanda, damu inatoka mkono mmoja inapita kwenye mashine, mashine inachuja seli nyeupe, iliyobaki inakurudia mkono wa pili, masaa kadhaa hivi. Seli T zako zinaenda maabara. Kule zinapewa jeni mpya inayozifanya ziote kama antena juu ya mwili wake, antena iliyotengenezwa kutambua kitu kimoja tu. Wanazizalisha mpaka zinafika mamilioni, we huku unapewa dawa za kupunguza seli zako za zamani ili wageni wapate nafasi, alafu unawekewa kama dripu ndogo tu ya dakika chache. Zikikutana na kile zilichofundishwa zinaua, na zinazaana humohumo mwilini.

Kwenye saratani ya damu imefanya maajabu. Mtoto wa miaka 6 Marekani, Emily Whitehead, alipewa 2012 wakati dawa zote zimegonga mwamba, leo ni binti mkubwa. 2017 Marekani wakairuhusu rasmi.

Kitu ambacho watu hawakijui, na mie nilipokisoma nilimpigia mtoto wa dada usiku, ni kwamba seli za aina hii zilianza kujaribiwa kwa watu wenye VVU kabla ya saratani, miaka ya 1990 huko. Watu wetu walijitolea damu zao. Virusi havikuisha ila ilionekana ni salama, na seli zile zilikutwa bado zinaishi kwenye miili yao hata baada ya miaka 11. Hayo mafunzo ndo yakaenda kusaidia saratani. Kwahiyo mtu mwenye VVU akiambiwa hana mchango duniani mwambieni hivyo.

Eti jeni yenyewe inaingizwa kwa kutumia virusi vya ukimwi?

Ndio, na mzee mmoja kwenye benchi aliposikia aliinuka akahama kiti. Seli T ni ngumu kuingiliwa, na VVU ndo fundi wa kuziingilia, si ndo kazi yake? Kwahiyo wanachukua gamba lake, wanatoa mashine zote za kuzaliana na za kudhuru, wanabakiza uwezo wa kuingia na kuacha mzigo. Ni kama kumuajiri mwizi aliyestaafu akufungulie mlango uliopoteza funguo. Hawezi kukuambukiza VVU, na hao watoto wa saratani wengi wamepewa hivohivo.

Sasa kama kwenye saratani inafanya kazi, kwenye VVU inakwama wapi?

Inakwama pale pale kwenye kunguni. Saratani ya damu ina seli mbaya kibao, zinaonekana, antena inazikamata mara moja na mgambo wanapata moto wa kuzaana. Kwa mtu anayemeza ARV vizuri hamna virusi vya kuonekana, mgambo wanazunguka mtaani hawaoni mwizi, baada ya muda wanapungua wanaisha. Tatizo la pili, VVU anabadilika sura kila siku, antena ya kutambua sehemu moja anaikwepa. Ndo mana kuna kundi kule California linajaribu seli zenye antena mbili zinazoshika sehemu mbili tofauti za kirusi kwa mpigo. La tatu, seli zenyewe za CAR-T ni seli T, VVU anaweza kuziingilia nazo zikawa chakula chake, inabidi wazilinde. Na la nne, virusi vingi vinajificha ndani ya tezi, kwenye vyumba ambavyo mgambo kwa kawaida hawaingii. Kuna watu wamezipa seli anwani ya kuingia mle, lakini hao wamejaribu kwa kima.

Madhara nayo yapo. Seli zikiamka zote pamoja mwili unawaka, homa kali, presha inashuka, wengine wanachanganyikiwa kwa muda. Hospitali lazima iwe na chumba cha uangalizi maalum karibu.

Na ile ya kukata virusi kwa mkasi?

Zipo mbili, watu wanazichanganya. Moja wanakata ile kufuli ya CCR5 kwenye seli zako mwenyewe ili usihitaji kumtafuta Mzungu mwenye hitilafu. Walifanya Philadelphia kwa watu 12, matokeo yakatoka 2014: seli zilizokatwa zilidumu kuliko zisizokatwa walipoacha vidonge, ila virusi kwa wengi vilirudi, maana unakata baadhi ya seli tu, zilizobaki bado zina mlango.

Nyingine wanatumia mkasi wa krispa (CRISPR, chombo cha maabara cha kukatia vinasaba) kwenda kukikata kirusi chenyewe kilichojichomeka. Hiyo ilipewa jina EBT-101, walianza kumpa mtu wa kwanza 2022. Watatu wakasimamisha vidonge, wote virusi vikarudi, mmoja alichelewa mpaka wiki 16. Video mliyotumiwa inayosema "wanasayansi wamefuta ukimwi kwenye seli" nyingi zinaongelea seli za kwenye sahani ya maabara. Kwenye sahani hata sabuni inaua virusi.

Kubadili jeni si ni kubadili uumbaji wa Mungu?

Hili niliulizwa na mama mmoja mtu mzima sana, shikamoo yake, na nusu ya benchi ilisikia "jini" badala ya "jeni", mnaijua Tanga, nusu saa nzima ikaenda kwenye mambo mengine kabisa.

Mie sio sheikh, la hukumu muulizeni anayejua. Ninachoweza kusema ni tofauti. Kubadili seli za damu za mtu mzima kunaishia kwake, akizaa mtoto hazirithi. Kubadili mimba ni jambo lingine, linaenda kwa vizazi. Kuna mtafiti wa China, He Jiankui, 2018 alitangaza kwamba amekata CCR5 kwenye mimba za mapacha wa kike ili wasipate VVU. Dunia nzima ya sayansi ilimpigia kelele na mahakama ya huko ikamfunga miaka mitatu. Kwahiyo hata wao wana mpaka wao.

Kuna sacheti za "stem seli" zinauzwa mjini, mbona watu wanasema zinasaidia?

Hapa naomba niongee kwa hasira kidogo.

Jirani yangu, ni kama mdogo wangu tu, mwaka juzi alialikwa semina kwenye ukumbi, chai na kachori bure, kijana amevaa tai anachora seli ubaoni. Alichora vizuri, sibishi. CD4, mlango, kila kitu, sawasawa kabisa na nilivyoeleza hapa juu. Alafu mwisho akatoa boksi. Unga wa kuchanganya na maji, unanyonya chini ya ulimi, shilingi laki moja na themanini boksi la wiki mbili. Eti unaamsha seli za uloto zinatengeneza kinga mpya. Mdogo wangu akauza cherehani yake. Na hakuniambia mie coz alijua nitasema nini.

Miezi mitano baadae nikamkuta amekaa mlangoni kwake, mdomo mweupe wa fangasi, amekonda shingo imekuwa kama ya kuku. Nikaingia ndani nikaona chupa ya dawa nyuma ya kabati, amejaza pamba ili vidonge visilie kama kayamba wageni wakasikia, sote tumefanya hivo, ila chupa ilikuwa imejaa. Hajameza. Kijana wa tai alimwambia dawa za kliniki "zinagombana" na seli. Tulimpeleka, wingi wa virusi ulikuwa juu vibaya, amerudi kwenye dawa sahivi yuko sawa, kanenepa, kagombana na mie juzi tu kuhusu maji ya bomba. Cherehani haikurudi.

Seli hai haikai kwenye unga. Seli T za tiba zinasafirishwa zimegandishwa kwenye baridi la ajabu, chini ya nyuzi 100 za hasi, na zinawekwa kwenye mshipa. Seli ikipita tumboni inakuwa kitoweo kama maini tu. Anayekuambia seli inanyonywa chini ya ulimi, muulize jina la jaribio lake na nani aliidhinisha, alafu angalia anavyotafuta mlango.

Wenye umri wangu mnakumbuka Loliondo 2011, kikombe cha dawa ya kienyeji kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita. Mie pia niliweka nauli pembeni, nikaghairi siku ya mwisho kwa sababu mwanangu alikuwa na malaria. Kwahiyo sicheki mtu. Ila mzee wa Loliondo alichukua mia tano, hawa wanachukua cherehani.

Majibu yangu yameandikwa TND, si ndo nimepona?

Hapana mpendwa. Maana yake mashine haijaona virusi kwenye ile damu waliyochukua. Kunguni wako kwenye fundo la kamba. Lakini usiidharau TND, ukiendelea kuwa hivo humuambukizi mwenzi wako kwa ngono, hilo limethibitishwa, na mwili wako unajijenga. Mtoto mmoja wa Mississippi, Marekani, alianzishiwa dawa masaa 30 hivi baada ya kuzaliwa 2010, baadae dawa zikaachwa, akakaa miaka zaidi ya miwili bila dawa na vipimo safi, kila mtu anasema kapona. 2014 virusi vikarudi. Wakati ule nililia kama mtoto ni wangu.

Afrika tupo kwenye haya majaribio au ni ya Wazungu tu?

Ya seli zilizobadilishwa, mengi yako Marekani na China. Ila ya kuponya kwa ujumla yameanza kufika. Durban, Afrika Kusini, wanawake 20 walioanza dawa mapema mno baada ya kuambukizwa walipewa kingamwili zilizotengenezwa maabara pamoja na dawa ya kuiamsha kinga, wakasimamisha vidonge chini ya uangalizi. Matokeo yalitangazwa 2025, wengi virusi vilirudi lakini wachache wamekaa zaidi ya mwaka bila vidonge. Hiyo kwangu ni habari kubwa kuliko zote nilizoandika hapa, maana ni wanawake weusi na ni aina ya virusi vinavyozunguka ukanda wa kusini mwa Afrika.

Tanzania majaribio sio kitu kigeni, chanjo ya malaria ilipimwa hapo Bagamoyo na hapa kwetu Korogwe. Ya chanjo ya VVU Mbeya na Dar walishiriki ile ya PrEPVacc, ikasimamishwa 2023 kwa kuwa haikukinga. Ndo utafiti, kuna kupata na kukosa. Kinachoniuma ni pesa, Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada wenzangu wengi wa kazi hii walibaki nyumbani, na tafiti nyingi zikayumba.

Itakuwa bei gani?

CAR-T ya kwanza ya saratani ilitoka kwa dola 475,000 kwa mtu mmoja. Zaidi ya bilioni moja ya kwetu. Vidonge vyetu vya TLD vinanunuliwa kwa chini ya dola 45 mtu mmoja mwaka mzima, na sisi tunapewa bure. Fanya hesabu mwenyewe.

Ndo mana 2019 serikali ya Marekani kupitia taasisi yake ya afya na wakfu wa Gates waliahidi dola milioni 100 kila mmoja kutafuta njia nyepesi, yani badala ya kutoa seli nje kwa mashine, upigwe sindano moja ambayo inaenda kuzifundisha seli humohumo mwilini. Melbourne 2025 walionyesha kwamba vijipovu vya mafuta, vya aina ileile iliyobeba baadhi ya chanjo za korona, vinaweza kuingia kwenye zile seli zilizolala na kuamsha virusi vijionyeshe. Maabara tu, sio kwa mtu. Lakini sindano inaweza kufika zahanati ya Pongwe, mashine ya kuchuja damu haifiki.

Lini basi?

Anayekupa mwaka anakudanganya.

Nikifanya mazoezi na kula vizuri seli zangu zinaweza kujifundisha zenyewe?

Kula dagaa, kula mchicha, tembea, utaishi vizuri. Wapo watu chini ya 1 kwa 100 ambao kinga yao inamdhibiti VVU bila dawa, ni maumbile yao, haiji kwa juisi ya mlonge. Na usijijaribu kujua kama we ni mmoja wao.

Wewe mwenyewe wakikuita kwenye jaribio la seli utaenda?

Mnaniuliza hili mkidhani nitasema ndio haraka. Ningeenda kusikiliza. Ningeuliza nani analipa nauli na siku nisiyofanya kazi, damu wanachukua mara ngapi, nikipata homa usiku wa manane nampigia nani na atapokea kwa Kiswahili. Kisha kuna lile kubwa zaidi, kwamba ili kujua kama seli zimefanya kazi lazima usimamishwe vidonge kwa muda, hakuna njia nyingine, na hapo virusi vikirudi kabla hawajavikamata mwenzi wako yuko hatarini.

Nilimsomea mume wangu hiki kipande jana usiku, yeye hana VVU, tuko pamoja mwaka wa kumi na tatu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniletea maji na kidonge maana saa tatu ilikuwa imeshapita, akasema hao watu wakija na fomu zao waandike mbili, na ya kwanza waanze kumpa yeye.